Kumhesabu Mtoto, si Jalada: Kwa Nini Takwimu za Haki kwa Watoto Hupotoka na Namna ya Kuzinyoosha

Swali linaloonekana jepesi kuliko yote katika kazi ya haki kwa watoto ni hili: watoto wangapi wako kizuizini? Utafiti wa Umoja wa Mataifa kuhusu watoto walionyimwa uhuru, ulioongozwa na Manfred Nowak na kuwasilishwa mwaka 2019, ulikadiria kwamba watoto wasiopungua 410,000 huwekwa katika mahabusu na magereza kila mwaka duniani, mbali na wengine wapatao milioni 1 wanaopitia vituo vya polisi. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitoa kadirio la watoto wapatao 261,000. Anayezisoma namba hizo mbili kwa pupa atasema ama hali imeboreka ghafla, ama mmoja wa wakadiriaji amekosea. Yote mawili si kweli. Kadirio la kwanza linahesabu watoto wanaopita kizuizini katika mwaka mzima, na la pili linahesabu wale ambao mtu angewakuta ndani kama milango yote ingefunguliwa siku moja kwa wakati mmoja. Ni maswali mawili yaliyovishwa maneno yaleyale.

Mkanganyiko huo huo huzaliwa kila mwezi katika ofisi ndogo zinazowahudumia watoto wanaokinzana na sheria, na huko hakuna mtafiti wa kuuandikia maelezo. Polisi wana daftari lao, mahakama ina rejista yake, afisa ustawi wa jamii ana majalada yake, mahabusu ya watoto ina kitabu cha wanaoingia na wanaotoka, na shirika linaloendesha mafunzo au ushauri nasaha lina orodha yake ya washiriki. Kila mmoja anatuma taarifa juu, kwa mkubwa wake, kwa fomu yake na kwa tarehe yake. Anayezipokea huko juu hujikuta na namba tano za jambo moja, zote zimesainiwa, na hakuna hata mbili zinazolingana. Kwa kawaida dawa inayopendekezwa ni kununua mfumo mpya wa kompyuta. Naamini dawa hiyo hutolewa kabla ya ugonjwa kujulikana, kwa sababu sehemu kubwa ya tatizo hutokea mapema zaidi, pale watu wanapoanza kuhesabu kabla ya kukubaliana wanahesabu nini na hesabu hiyo itamsaidia nani kuamua jambo gani.

Mtoto mmoja, mashauri mawili, makosa matatu

Tuseme mtoto wa miaka 15 anakamatwa mwezi wa pili kwa tuhuma ya kuiba simu, kisha anakamatwa tena mwezi wa sita akituhumiwa kupigana na kuharibu mali katika tukio moja. Mwisho wa mwaka polisi wataripoti makosa 3, mahakama itaripoti mashauri 2, na afisa ustawi wa jamii atasema alimhudumia mtoto 1. Hakuna aliyedanganya. Lakini atakayejumlisha makosa ya polisi na kuyaita watoto atakuwa ameongeza watoto wawili ambao hawapo duniani, na atakayegawanya idadi ya watoto waliopata mwanasheria kwa idadi ya mashauri ya mahakama atapata asilimia isiyo na maana yoyote.

Kwa hiyo jambo la kwanza katika uboreshaji wowote ni kuchagua kipimo cha kuhesabia na kukiandika mahali ambapo kila mmoja atakiona. Marekani, ambako takwimu za mahakama za watoto zimekusanywa kwa muda mrefu, taarifa za kitaifa huhesabu shauri, na shauri hufafanuliwa kuwa ni mtoto anayefikishwa kwa mara mpya mbele ya mahakama ya watoto, hata kama anatuhumiwa kwa makosa kadhaa kwa wakati huo. Ufafanuzi huo unakubali waziwazi kwamba mtoto mmoja aweza kuonekana zaidi ya mara moja katika mwaka, na msomaji anaonywa asiyachukue mashauri kuwa ni vichwa vya watoto. Si lazima kila mahali pafuate kipimo hicho. La lazima ni kwamba kipimo kiwe kimoja, kitajwe juu ya jedwali, na kisibadilike katikati ya mwaka kimyakimya.

Umri nao una mtego wake. Mtoto aweza kutenda kosa akiwa na miaka 17, akakamatwa baada ya kutimiza 18, na hukumu ikatoka akikaribia 19. Je, ni mtoto katika takwimu? Sheria nyingi huangalia umri wa siku ya tukio, ilhali fomu nyingi zina kisanduku kimoja tu kilichoandikwa «umri» bila kusema umri wa siku gani. Tiba yake ni nyepesi: fomu iandike tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya tukio, tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kila uamuzi, na umri ukokotolewe kutoka hapo. Pale ambapo tarehe ya kuzaliwa haijulikani, fomu iseme kwamba umri umekadiriwa na nani amekadiria. Tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari inapojirudia kwa watoto wengi katika rejista moja, anayekagua ajue kwamba mtu alikuwa akijaza pengo.

Na mapengo yenyewe yanastahili heshima kuliko tunavyoyapa. Kisanduku kilichoachwa wazi chaweza kumaanisha hapana, au sijui, au sikuuliza, au swali halimhusu mtoto huyu. Watoto 60 wakiwa hawana alama yoyote kwenye swali la iwapo walipigwa wakati wa kukamatwa, kompyuta itajumlisha sifuri na mkubwa atasoma kwamba hakuna aliyepigwa. Kumbe inawezekana hakuna aliyeulizwa, au waliulizwa mbele ya aliyewakamata. Majibu ya «hapana», «haijulikani» na «hakuulizwa» yawe na alama tatu tofauti, na idadi ya wasioulizwa iripotiwe kama matokeo mengine yote, maana inaeleza ubora wa huduma yenyewe.

Yule asiyeonekana

Muda wa kukaa kizuizini ni eneo ambalo namba sahihi huficha dhuluma, na nitakaa hapa kidogo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 37, unataka kumnyima mtoto uhuru kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyofaa. Ili kujua kama agizo hilo linatekelezwa ni lazima tupime muda, na muda una njia nyingi za kupimwa ambazo hazitoi jibu moja.

Chukua mahabusu ndogo ya watoto. Katika mwaka mmoja watoto 100 waliingia na kila mmoja akakaa siku 3. Watoto wengine 3 walikaa siku 300 kila mmoja. Jumla ya siku zote walizolala ndani ni 1,200, hivyo wastani kwa watoto hao 103 ni kama siku 12. Ukiwapanga wote kwa mstari kuanzia aliyekaa muda mfupi hadi aliyekaa muda mrefu na kumtazama wa katikati, utasema mtoto wa kawaida hapa hukaa siku 3. Lakini kati ya siku 1,200 za kizuizini, siku 900 ni za wale watoto 3 peke yao. Mkaguzi atakayefika siku yoyote ile bila taarifa atakuta wastani wa watoto watatu au wanne, na wengi wao watakuwa ni walewale wa siku 300. Meneja anayeripoti siku 3, mhasibu anayeripoti siku 12 na mkaguzi anayesema watoto wanasahaulika humo ndani wote wanaieleza nyumba moja, na taarifa yenye namba moja tu kati ya hizo humwacha msomaji na picha ya nyumba nyingine kabisa.

Kuna kasoro mbaya zaidi. Ofisi nyingi hukokotoa muda wa kukaa kwa kutumia watoto waliotoka katika mwezi husika, kwa kuwa hao ndio wenye tarehe zote mbili, ya kuingia na ya kutoka. Maana yake ni kwamba mtoto ambaye hajatoka haingii kwenye hesabu hata kidogo. Anapokaa mwezi wa pili haonekani, mwezi wa sita haonekani, na wakati wote huo wastani wa nyumba unang'aa kwa sababu wenzake wa siku 3 wanatoka na kuingia. Mtoto anayesubiri kuliko wote ndiye anayefutwa na njia ya kuhesabu. Kila taarifa ya mwezi inapaswa kuwa na orodha ya pili: watoto walio ndani siku ya mwisho ya mwezi, kila mmoja na idadi ya siku alizokwisha kukaa hadi siku hiyo, aliyekaa muda mrefu akitajwa wa kwanza. Orodha hiyo haihitaji mtaalamu wa takwimu, na kwa maoni yangu ina faida kubwa kuliko jedwali lolote lingine katika kazi hii, kwa sababu hakimu au afisa akiisoma anaweza kufanya jambo kesho asubuhi.

Mwongozo wa viashiria vya haki kwa watoto uliotolewa na UNICEF pamoja na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na dawa za kulevya na uhalifu una viashiria 15 tu: 11 vya idadi na 4 vya sera. Muda wa kukaa kabla ya hukumu na muda baada ya hukumu vimetengwa kuwa viashiria viwili, jambo linaloonyesha kwamba waandishi waliuona mtego huu. Humo pia wamo watoto waliofia kizuizini, waliotenganishwa na watu wazima, na waliopata kuonana na mzazi, mlezi au ndugu mtu mzima katika miezi 3 iliyopita. Kiashiria hicho cha mwisho hukusanywa na wachache, ingawa kitabu cha wageni kiko mlangoni.

Kurudia kosa, namba inayoaminiwa kupita kiasi

Wafadhili na wanasiasa huuliza jambo moja: je, watoto waliopitia programu yenu hurudia makosa? Ni swali halali. Shida ni kwamba kurudia kosa hakuonekani moja kwa moja. Kinachoonekana ni kukamatwa tena, au kutiwa hatiani tena, au kurudishwa kizuizini. Kundi lilelile la watoto litatoa asilimia kubwa ukitumia kipimo cha kwanza, ndogo kwa cha pili, na ndogo zaidi kwa cha tatu. Tena, kukamatwa hutegemea polisi wanapita wapi na mara ngapi. Mtoto anayeishi eneo lenye doria za kila siku anaweza kuonekana mkorofi kuliko mwenzake wa eneo tulivu aliyefanya mambo yaleyale.

Kisha kuna saa ya kuanzia kuhesabu. Miezi 12 ianze siku mtoto alipoingia kwenye programu, alipomaliza, au alipotoka kizuizini? Programu mbili zinazojilinganisha bila kuulizana hilo zinalinganisha vitu viwili visivyofanana. Kosa lililoenea zaidi ni kuhesabu waliomaliza peke yao. Tuseme watoto 40 walianza, 25 wakamaliza, na kati ya hao 5 walikamatwa tena ndani ya mwaka. Taarifa itasema asilimia 20. Wale 15 walioacha njiani, ambao 9 kati yao walikamatwa tena, hawamo. Wakirudishwa kwenye hesabu, walioingia 40 wanatoa 14 waliokamatwa, yaani asilimia 35. Anayetaka kujua kama programu inafaa lazima ahesabu kila aliyeingia mlangoni, kwa kuwa kushindwa kuwashikilia watoto hadi mwisho ni sehemu ya utendaji wa programu.

Hata asilimia 35 hiyo haisemi jema wala baya mpaka tujue ingekuwa ngapi bila programu. Mfano ninaoukumbuka kila ninaposoma taarifa zenye furaha nyingi ni ule wa Cambridge na Somerville, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Huko mwaka 1939 ulianzishwa mradi wa kuwazuia wavulana wasiingie katika uhalifu. Wavulana waliofanana kwa umri, familia na mazingira walipangwa wawili wawili, na mmoja wa kila jozi akachaguliwa kwa bahati nasibu apate washauri, msaada wa masomo, matibabu na kambi za likizo, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Zaidi ya miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwafuatilia wanaume hao zaidi ya 500, na mwaka 1978 akachapisha matokeo. Wengi wa waliohudumiwa walisema mradi uliwasaidia. Kumbukumbu zao za mahakama, afya na vifo zilisema vingine: walipotofautiana na wenzao walioachwa, tofauti ilikuwa upande wa ubaya. Kama lisingekuwapo kundi la kulinganisha, mradi ule ungebaki katika historia kama ushindi uliothibitishwa na ushuhuda wa wanufaika wenyewe.

Ofisi ndogo haiwezi kila mara kufanya majaribio ya namna hiyo. Inaweza, hata hivyo, kutunza kumbukumbu za watoto walioomba nafasi wakakosa, au waliohukumiwa mwaka kabla ya programu kuanza, na kuwa na adabu ya kutodai kilichozidi ushahidi.

Tahadhari ya namna hiyohiyo inahitajika kwa kuelekeza mashauri nje ya mahakama. Idadi ya watoto walioelekezwa kwenye maridhiano, ushauri nasaha au huduma kwa jamii ikipanda kutoka 50 hadi 120, ni rahisi kusherehekea. Lakini kama waliofikishwa mahakamani walikuwa 200 na wamebaki 200, hakuna aliyeepushwa na mahakama. Wale 70 walioongezeka huenda ni watoto ambao zamani wangeonywa na kurudishwa nyumbani, na sasa wamefunguliwa majalada. Wavu umepanuka. Ndiyo maana idadi ya walioelekezwa nje isisomwe kamwe peke yake; isomwe pamoja na walioachiwa kwa onyo na waliofikishwa mahakamani, safu tatu kando kwa kando.

Fomu na yule anayeijaza

Takwimu za mahakama za watoto za Marekani zina historia yenye fundisho kwa yeyote anayepanga mfumo. Taarifa ya kwanza ya kitaifa ilitoka mwaka 1929, ikieleza mashauri yaliyoshughulikiwa na mahakama 42 mwaka 1927. Mwanzoni mahakama zilijaza kadi moja kwa kila shauri na kuituma. Kazi ilikuwa nzito na ghali, na katika miaka ya 1940 kadi zikaachwa, mahakama zikawa zinatuma jumla ya mwaka tu. Kwa miongo mitatu nchi ilijua mashauri ni mangapi lakini haikuweza kuuliza zaidi ya hapo, maana jumla haifunguki: ukishatupa kadi huwezi tena kujua ni wasichana wangapi, walikuwa na umri gani, walisubiri siku ngapi. Mwaka 1975 kituo cha kitaifa cha haki kwa watoto, chenye makao Pittsburgh, kilipokabidhiwa kazi hiyo, kilitumia njia nyingine. Kilichukua kumbukumbu ambazo mahakama zilikuwa tayari zinazitunza kwenye kompyuta kwa ajili ya kazi zao zenyewe, kikabeba mzigo wa kuzilinganisha na kuziweka katika lugha moja.

Katika safari hiyo naona mambo mawili ambayo wapangaji husahau kwa zamu. Kumbukumbu ya mtoto mmoja mmoja ndiyo inayoweza kujibu maswali yatakayoulizwa kesho, ilhali jumla hujibu swali la leo pekee. Na kumbukumbu hiyo haidumu ikiwa anayeijaza anaijaza kwa ajili ya mtu mwingine. Afisa mwenye majalada 80 mezani, anayepewa fomu ya kurasa sita ambayo haitamsaidia kupanga ziara zake za wiki, ataijaza tarehe 30 usiku kwa kukisia. Mimi simlaumu. Fomu ikiwa ndiyo hiyohiyo anayoitumia kumfungulia mtoto jalada, kupanga tarehe ya kurudi mahakamani na kuandika barua kwa mzazi, taarifa ya mwezi itatoka yenyewe kama makapi yanavyotoka wakati wa kupepeta.

Kwa hiyo kila swali kwenye fomu lipite mtihani mmoja: ni uamuzi gani utabadilika kutokana na jibu hili, na nani ataufanya? Lisilo na jibu liondolewe. Fomu ya kurasa sita hubaki na kurasa mbili, na kurasa mbili hujazwa kwa ukweli. Kwa kufaa zaidi ijazwe tukio linapotokea, siku ya kukamatwa, siku ya kusikilizwa, siku ya kuachiwa, kwa sababu kumbukumbu ya binadamu haiwezi kuaminiwa kwa tarehe za wiki tatu zilizopita.

Utambulisho wa mtoto ndio kiungo cha yote. Jina moja huandikwa kwa tahajia tatu katika ofisi tatu, na watoto wengine hutoa jina la utani au la kubuni kwa hofu. Mtoto apewe namba moja tangu anapogusana na mfumo kwa mara ya kwanza, na namba hiyo isafiri naye kutoka polisi hadi ustawi wa jamii hadi mahakamani, huku kila ofisi ikibaki na namba yake ya jalada kama ilivyozoea. Bila uzi huo haiwezekani kujua mtoto alichukua siku ngapi kutoka kukamatwa hadi uamuzi wa mwisho, kwa kuwa kila ofisi inaona kipande chake tu.

Ukaguzi hauhitaji fedha nyingi. Chukua majalada 20 kwa bahati nasibu kila baada ya miezi mitatu, yalinganishe na kilichoingizwa kwenye kompyuta au rejista kuu, na andika ni vipengele vingapi vinatofautiana. Kwa kizuizini kuna hesabu ya mizani ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza: waliokuwamo mwanzo wa mwezi, jumlisha walioingia, toa waliotoka, lazima ipatikane idadi ya waliomo mwisho wa mwezi. Isipolingana, kuna mtoto aliyeingia bila kuandikwa au aliyetoka bila mtu kujua alikokwenda, na hapo suala linakuwa kubwa kuliko takwimu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru zinataka kila kituo kiandike utambulisho wa mtoto, sababu za kuwekwa ndani na mamlaka iliyoamuru, siku na saa ya kuingia, kuhamishwa na kuachiwa, pamoja na taarifa zilizopelekwa kwa wazazi. Kuandikwa kwa saa kuna maana yake, kwa kuwa mengi mabaya humpata mtoto kabla ya siku ya kwanza kwisha.

Nasisitiza pia kwamba matokeo yarudi kwa waliokusanya. Afisa akiletewa kila mwezi ukurasa mmoja unaomwonyesha watoto wake ambao tarehe zao za mahakamani zimepita bila kusikilizwa, ataanza kuijali rejista kwa sababu imeanza kumjali yeye. Pale taarifa zinapopanda tu na haziteremki, ubora wake hupungua mwaka hadi mwaka.

Kuandika taarifa inayosomeka

Taarifa za ngazi ya chini huharibiwa zaidi na asilimia. Wasichana waliokamatwa wakiongezeka kutoka 2 hadi 4, kusema kuna ongezeko la asilimia 100 ni kweli kwa hesabu na ni upotoshaji kwa maana. Namba ndogo hupanda na kushuka zenyewe. Ziandikwe kama zilivyo, ziunganishwe za miaka mitatu au minne, na asilimia iachwe mpaka idadi ya msingi iwe ya kutosha. Kila asilimia itanguliwe na jibu la swali: asilimia ya nini?

Kutenganisha takwimu kwa jinsia, umri, ulemavu au asili ya mtoto ni lazima, kwa kuwa wastani wa wote huficha tofauti za makundi. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika maoni yake ya jumla namba 24 ya mwaka 2019, inazihimiza nchi kukusanya kwa utaratibu takwimu zilizochambuliwa za makosa, mahabusu kabla ya hukumu na muda wake, mashauri yaliyotatuliwa nje ya mahakama, hukumu na watoto walionyimwa uhuru. Lakini tofauti itafutwe katika kila hatua. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya haki kwa watoto ya mwaka 1974, iliporekebishwa mwaka 1988, ililenga wingi usio wa uwiano wa watoto wa makundi madogo vizuizini; mwaka 2002 lengo likapanuliwa kugusa kila hatua tangu kukamatwa. Sababu yake ni ya kihesabu. Ikiwa katika kundi la kwanza watoto 150 kati ya 300 waliokamatwa walielekezwa nje ya mahakama, na katika kundi la pili ni 20 kati ya 100, basi mlango wa kuepuka mahakama uko wazi kwa nusu ya kundi la kwanza na kwa mtoto mmoja kati ya watano wa kundi la pili. Aliyesubiri kuhesabu waliofungwa ataona tofauti mwisho wa njia na asijue ilianzia wapi. Hapo ndipo mazungumzo ya aina ya makosa, uwepo wa mzazi na uwepo wa mwanasheria yanapoanza, na takwimu inakuwa imefanya kazi yake ya kuonyesha pa kutazama.

Siri ya mtoto

Yote niliyoyataka hadi sasa yanaongeza kumbukumbu juu ya watoto, na kumbukumbu ina makali pande zote mbili. Kifungu cha 40 cha Mkataba kinataka faragha ya mtoto iheshimiwe kikamilifu katika hatua zote za shauri. Kanuni za Beijing za mwaka 1985, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa za uendeshaji wa haki kwa watoto, zinaagiza kumbukumbu za mtoto aliyekosa ziwe siri, zifunguliwe tu kwa wanaohusika moja kwa moja na shauri au wenye idhini, na zisitumike dhidi yake katika kesi za baadaye akiwa mtu mzima. Kanuni hizohizo, mbele kidogo, zinataka utafiti uwe msingi wa mipango na sera. Waliozitunga hawakuona mgongano, kwa sababu mpangaji anahitaji kujua hali ya watoto bila kumjua mtoto.

Kwa vitendo, majina yabaki katika ofisi inayomhudumia mtoto, na kinachopelekwa juu kiwe na namba peke yake, huku ufunguo wa kuunganisha namba na jina ukishikwa na mtu anayejulikana kwa cheo. Katika eneo dogo hata jedwali lisilo na jina laweza kumtaja mtu: wakisema msichana 1 wa miaka 13 alishtakiwa kwa kosa fulani, majirani watamjua kabla ya kumaliza sentensi. Visanduku vyenye idadi ndogo, chini ya 5 kwa mfano, vifichwe au viunganishwe katika taarifa za umma, na uangalifu uwekwe ili jumla ya mstari isikifichue kile kilichofichwa.

Mwisho wa jalada upangwe siku jalada linapofunguliwa. Kamati ya Haki za Mtoto inapendekeza kanuni zitakazoruhusu kumbukumbu za makosa kufutwa mtoto anapofikisha miaka 18, zenyewe au, katika hali za kipekee, baada ya mapitio huru. Mfumo wa karatasi ulisahau kwa uzembe, kwa mvua na mchwa. Mfumo wa kompyuta haujui kusahau usipofundishwa. Basi kila rekodi iwe na tarehe ya kuondoa jina, itakayofika yenyewe bila kungoja afisa akumbuke, na kitakachobaki baada ya hapo kiwe ni mstari mmoja kwenye jedwali: umri, mwaka, hatua, siku alizosubiri. Mstari huo unatosha kwa mpangaji, na haumfuati yeyote atakapokwenda kuomba kazi.